Baba kakaa benchi la dharura saa nne na nusu: huu ni utaratibu au uzembe?

Fundi wa Mbagala

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani, kuandika marefu si kazi yangu, mtanivumilia. Nina swali, ila nikiliuliza kavu mtanijibu "serikalini ndivyo kulivyo", na hilo nalijua. Kwa hiyo naanzia mwanzo.

Baba yangu ana miaka 68, mstaafu wa reli. Kisukari anacho mwaka wa 11 huu na anachoma insulini. Wiki mbili zilizopita, kuanzia Jumatano, alikuwa anatapika na kulalamika tumbo. Ijumaa jioni nimefunga kibanda narudi nyumbani, namkuta amekaa kitandani anatazama ukuta, midomo imekauka, maji anaomba kila dakika. Tukakodi bajaji.

Saa ninazoandika sikadirii. Kila hatua nilikuwa namtumia meseji dada yangu aliyeko Muheza, nimezitoa kwenye simu zilivyo.

Tulifika saa 3:10 usiku. Jengo la EMD, yaani idara ya dharura, lenyewe jipya, marumaru zinang'aa utadhani benki. Mlinzi akasema bajaji haiingii. Kiti cha magurudumu kipo, lakini uache kitambulisho. Cha NIDA nilikisahau nyumbani, nikaacha kadi ya mpiga kura (angalau siku hiyo imefanya kazi). Mapokezi nikaambiwa nikahakiki kadi ya bima dirisha la pili, dirisha la pili mtandao unazunguka, rudi mapokezi. Saa 3:40 sista mmoja akampima baba presha na joto, akaandika kwenye karatasi, akambandikia alama ya njano. Nikamwambia huyu ana kisukari. Akasema, "Stripu za kupimia sukari zimeisha, tunasubiri za stoo. Kaeni pale mtaitwa."

Tukakaa pale.

Saa 3:50 akaletwa kijana wa bodaboda, mguu umegeuka, akaingia moja kwa moja. Sina neno. Saa 4:40 mtoto wa degedege, akaingia. Sina neno pia, hata mimi ningempisha. Lakini kufikia saa 5:15 baba akaanza kuhema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia, na yeye amekaa tu. Akaniita kwa jina la shangazi yangu, ambaye tulimzika mwaka 2014. Nikaenda dirishani. Jibu: "Dada, mzee wako presha iko sawa. Subiri jina." Nikarudi. Saa 5:50 nikaenda tena, sista mwingine, jibu lile lile, safari hii hakunyanyua hata macho.

Sasa sikilizeni hii. Pembeni yetu alikuwepo mama mmoja kamleta mama yake mzazi. Alikuwa anamtazama baba muda mrefu. Saa 7:20 usiku akafungua mkoba, akatoa mashine yake ya sukari, akamtoboa baba kidole. Mashine ikaandika HI. Nawaambieni ukweli, nilidhani inanisalimia. Yule mama akashika kichwa, akasema, "Mdogo wangu, hii maana yake sukari imepita kipimo. Chukua mashine, nenda nayo ndani, usigonge mlango."

Nikaingia bila kugonga. Daktari, kijana kabisa, aliangalia ile mashine, akatoka mbio. Saa 7:40 baba alikuwa kitandani, dripu mkono huu na mkono huu. Amelazwa siku sita. Mungu ni mwema, yupo nyumbani, jana alikuwa anagombana na redio.

Swali langu: hivi huo ndio utaratibu, kwamba anayekaa kimya anasubiri mpaka azimike? Na kama si utaratibu, nalalamika wapi bila kuzungushwa? Sitaji hospitali. Naogopa, baba bado anatibiwa hapo hapo.

Mzee wa Fasta

Pole dada. Ila na wewe, usiku kama ule unakwenda na maneno matupu? Mlinzi unampoza, sista unamshikisha ya soda, mzee anaingia. Mimi sijawahi kukaa benchi hata mara moja. Vinginevyo peleka binafsi.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mwanangu, pole sana wewe na mzee. Nimefanya kazi dharura miaka mingi na zamu za usiku nimezila mpaka mgongo umekataa. Nitasema ya upande wetu kwanza, halafu nitasema yale ambayo wenzangu hawatapenda.

Wakati naanza kazi hapakuwa na kitu kinaitwa dharura kwa maana ya leo. Kilikuwepo chumba cha mapokezi, aliyewahi ndiye anayeonwa, na aliyepiga kelele anaonwa kabla ya aliyewahi. Idara ya kwanza kamili ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Muhimbili, wakaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Majengo mengi mnayoyaona mikoani na wilayani yalikuja baadaye, na zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 ziliongeza mengine. Marumaru zinakamilika kwa miezi. Mtu wa kukaa juu ya marumaru akiwa na akili ya dharura anachukua miaka. Hilo uliliona mwenyewe.

Ile alama ya njano si pambo. Vituo vingi vinatumia mpangilio uliotoka Afrika Kusini au unaofanana nao. Nyekundu anaonwa palepale. Rangi ya chungwa ndani ya dakika 10. Njano ndani ya saa moja. Kijani anaweza kusubiri hadi saa nne. Kwa hiyo kijana wa bodaboda na mtoto wa degedege hawakukuruka, walikuwa mbele yako kwa haki. Lakini baba yako kwa rangi waliyompa wenyewe alitakiwa awe ameonwa saa 4:40. Hapo huhitaji kubishana na mtu, chukua karatasi yao uwaoneshe.

La pili, presha. Nimechoka na hii "presha iko sawa". Rangi haitoki kwenye presha peke yake. Unahesabu pumzi, unashika mapigo, unaangalia mtu anajitambua au anaota macho wazi, anatembea au kabebwa. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Huyo uliyemweleza hapo, anahema amekaa, anaita marehemu, sidhani kama alikuwa chini ya 30. Kumhesabia pumzi hakuhitaji stripu wala stoo. Kunahitaji saa ya mkononi na dakika moja.

La tatu, rangi hubadilika. Mgonjwa wa benchi anatakiwa kurudiwa. Ndugu akija dirishani kusema "amebadilika", hiyo ndiyo kengele yenyewe. Unainuka. Hata kama amekuja mara kumi na mara tisa ni bure, ya kumi unainuka.

Na kisukari bila kupimwa sukari mlangoni, mwanangu, hilo halina utetezi. Stripu zikiisha unaazima wodini. Mwenye sukari iliyopanda na ketoni kwenye mkojo (tindikali ambazo mwili unatoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) ni rangi ya chungwa, si njano. Ile mashine yako nayo haikusalimii: nyingi zinaandika HI, yaani "juu" kwa Kiingereza, sukari ikipita 33.3 mmol/L. Kule kuhema ni damu kugeuka tindikali, mwili unajaribu kuitoa kwa pumzi. Sisi tunaiita DKA. Tumbo kuuma na kutapika ni sehemu yake, ndiyo maana watu wengi wanatibiwa "gesi" siku mbili nzima.

Naomba kuuliza kitu, na usinichukie. Insulini mara ya mwisho alichoma lini?

Mzee wa Fasta, hiyo soda yako ndiyo inayomweka baba wa mwenzako benchini.

Mja wa Likoni

Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa, na nilipokuwa nikisoma niliona ni kama unanieleza mamangu. Huku kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Twajivunia sana kifungu hicho. Lakini Oktoba 2015, Katiba ikiwa na miaka mitano, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 Nairobi akizungushwa hospitali hadi hospitali akitafutiwa kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na akafa. Kwa hivyo sheria ni nzuri, ila sheria haiwezi kumtoboa mtu kidole.

Nilichojifunza kwa mamangu ni kimoja: usiende dirishani na neno "anaumwa". Wote pale wanaumwa. Nenda na kilichobadilika. "Saa tatu alikuwa akiongea, sasa hanijui." Ukisema hivyo, hata aliyechoka huinua kichwa. Si haki kuwa ndugu ndiye ajue kuongea hivyo, lakini ndivyo nilivyompata mamangu akaingizwa.

Ule mama wa mashine Mungu amlipe.

Fundi wa Mbagala

Mama Sista, shikamoo. Swali lako nimelisoma jana saa nne asubuhi nikafunga simu. Nimeshona sare za shule siku nzima ili nisilijibu.

Alichoma mara ya mwisho Jumatano asubuhi.

Ni mimi. Alikuwa hali chochote, anatapika hata uji. Kliniki walitufundisha sana habari ya sukari kushuka, kwamba ukichoma bila kula unaweza kuanguka. Hilo tumelishika, mlangoni kwa friji kuna peremende za dharura. Kwa hiyo nikamwambia, baba, leo usichome mpaka ule. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi yeye mwenyewe aliuliza, "Leo vipi?" nikamwambia subiri.

Daktari yule kijana aliponiuliza usiku ule nilimjibu kama nilivyokujibu wewe. Akasema, "Basi mmemchelewesha wenyewe," akaendelea na kazi. Sikulala. Na nadhani ndiyo maana nilipoandika juu pale sikusema. Niliogopa nikisema, mtasema sina haki ya kulalamika.

Sasa nimesema. Bado ninayo?

Sista wa Zamu ya Usiku

Marahaba mwanangu. Unayo, na wala haikupungua.

Kosa ulilofanya wewe nimeliona kwa waalimu, kwa mchungaji, na mara moja kwa mke wa mganga. Linatokea kwa watu wanaojali, maana asiyejali hakumbuki hata kama dawa ipo. Mmefundishwa nusu ya somo. Nusu nyingine ni hii, naomba ubandike hapo hapo penye peremende: mwili ukiugua unamwaga homoni zinazopandisha sukari, hata mtu asipokula punje. Insulini ile ya muda mrefu haiachwi siku ya ugonjwa. Dozi inaweza kubadilishwa, lakini abadilishe mtu wa kliniki, hata kwa simu. Sukari inapimwa kila saa nne hivi, maji anakunywa kidogo kidogo. Akitapika asiweze kushika maji, au akianza kuhema vile, ni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kuche.

Huyo daktari aliyekwambia mmemchelewesha alisema kweli mahali pasipofaa. Alitakiwa aseme kesho yake, mzee akiwa ametulia, na aseme pamoja na somo. Wewe ulimchelewesha kwa kutojua. Wao walimchelewesha saa tatu nzima baada ya saa moja yao kuisha, na wao wanajua. Usiyaweke kwenye mzani mmoja.

Nani kati yao aliyekuwa peke yake zamu hiyo na wagonjwa 40, hilo sijui, na nisingependa sista mmoja abebeshwe stoo iliyofungwa. Kwenye barua yako uliza kuhusu stoo.

Karani Mstaafu

Kuhusu barua, maana naona kila mtu kaacha. Nilikaa ofisi ya malalamiko ya hospitali ya mkoa kabla ya kustaafu, nimezipokea nyingi na nyingi zilikuwa hazina faida. Watu wanaandika kurasa tatu za "hawana utu". Inasomwa, inafungwa faili.

Andika ukurasa mmoja. Mpelekee Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, nakala kwa Muuguzi Mkuu wa hospitali, maana wanaokaa mlangoni ni watu wake. Weka tarehe, namba ya faili la mzee, na hizo saa zako kama ulivyozileta hapa. Hizo saa ni dhahabu. Majina huhitaji, tarehe na zamu zinatosha, wanajua nani alikuwepo. Uliza maswali mawili au matatu ambayo lazima yajibiwe: kwa nini mgonjwa wa njano hakuonwa ndani ya saa moja, kwa nini hakupimwa sukari, kwa nini hakurudiwa kupimwa ndugu alipotoa taarifa mara mbili. Nenda na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu.

Usipojibiwa, barua ile ile inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Mabaraza yapo, la Madaktari Tanganyika na la Uuguzi na Ukunga, lakini hayo ni ya kumshitaki mtu na taaluma yake. Kwa ulivyoeleza, lako ni la mfumo wa mlangoni, lianzie ndani.

Suala la kulipiziwa: nimeona vitisho vya mdomo, sijaona mgonjwa aliyenyimwa dawa kwa sababu ya barua yenye muhuri. Barua yenye muhuri inaogopwa. Wanaonyimwa ni wale wanaogombana dirishani bila karatasi.

Na wakati mwingine usihangaike na bima kwanza. Mgonjwa wa dharura anahudumiwa, karatasi zinafuata. Kama huna uwezo kabisa, ofisi ya ustawi wa jamii ipo humo humo ndani ya hospitali. Wengi wanaipita kila siku wakidhani ni ya watoto yatima.

Mzee wa Fasta

Sawa, nimeshambuliwa, nakubali. Ila mniambie ukweli, nyie mnaoandika barua, usiku ule barua ingemsaidia nini yule mzee?

Fundi wa Mbagala

Mzee wa Fasta, isingemsaidia. Aliyemsaidia ni yule mama, na sikumpa hata ya soda. Wala jina lake sikumuuliza. Nilitoka saa 9 usiku kumrudishia mashine, nikakuta benchi tupu, nikashtuka. Mlinzi akaniambia mama yake ameshapelekwa wodini, amepanda naye. Nikaiacha mashine kwa sista wa wodi ya wanawake, na sina hakika kama ilimfikia. Hilo nalo linanikaa rohoni.

Barua nimepeleka Jumatatu, ukurasa mmoja, muhuri nimepata. Niliipiga pasi kwanza, mazoea ya kazi. Kabla sijafika getini nikaitwa nirudi, matroni anataka kuniona. Nilijua natukanwa. Mama wa makamo, miwani iko kwenye paji la uso, barua yangu mkononi. Akaniuliza stripu ziliisha kweli au niliambiwa tu. Nikasema niliambiwa. Akapiga simu mbele yangu. Stripu zilikuwepo stoo, mwenye ufunguo alishaondoka saa tisa na nusu mchana. Hakuniomba radhi, lakini alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe unataka nini hasa?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema nataka mashine ya sukari ikae mlangoni pamoja na ya presha, isikae stoo. Akaandika. Amesema nitajibiwa kwa maandishi. Mpaka leo bado.

Baba amekasirika na mimi. Si kwa insulini, hiyo nilimwambia na akacheka, akasema, "Sote wawili tulikuwa wajinga siku tatu." Amekasirika kwa barua. Anasema miaka 30 relini hakuwahi kuandika barua ya mashitaka juu ya mtu na sasa nimemwandikia kwa jina lake. Kliniki yake ni Jumanne, jengo la nyuma ya hilo hilo. Amesema nisimsindikize, atakwenda na mjukuu.

Mama Sista, jambo moja la mwisho. Nataka ninunue mashine yetu. Kariakoo nimeoneshwa mbili, moja bei chee kweli. Nichukue hiyo?

Sista wa Zamu ya Usiku

Kabla ya bei ya mashine, uliza bei ya kopo la stripu, maana mashine unanunua mara moja na stripu kila mwezi. Uliza pia kama stripu za aina hiyo zinapatikana duka la dawa la huko kwenu Mbagala, si Kariakoo tu. Soma tarehe ya kuisha, na kopo likishafunguliwa usiliache wazi wala karibu na jiko. Ile ya bei chee mara nyingi stripu zake zinapotea sokoni baada ya mwaka.

Jumanne msindikize. Kaa nje getini kama hataki kukuona.